Nipe Baba Niongee Naye

Migosi, Kisumu

Mama mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, Mama. Najua barua hii umeipokea kutoka mkononi mwa Shangazi Mghoi, kwa sababu nimeituma kwa basi hadi Voi na kumwomba aichukue mwenyewe, asimpe mtu mwingine yeyote. Natumaini magoti yako yamepata nafuu na kwamba baridi ya huko Wundanyi haijakurudishia kile kikohozi. Mdogo wangu Mkamburi bado anakuletea maji ya moto asubuhi? Usiku unalala? Nauliza kama mtoto anavyomuuliza mama yake, ingawa sijui kama ninaruhusiwa tena kuuliza.

Mimi mwili ni mzima. Ninakula, ninafanya kazi. Watu wa hapa wananiita Mpwani, maana kwao mtu yeyote aliyetoka upande wa Voi ni wa pwani, na nimechoka kuwaeleza kwamba sisi tunakaa milimani.

Nimekuandikia kwa sababu simu zimeshindikana. Mara ya mwisho nilisikia pumzi yako, nikasema "Mama," na laini ikakatika. Sijui kama ulikata wewe au Kaka Nyambu alikunyang'anya simu. Karatasi haikatiki, Mama. Nakuomba usome hadi mwisho, halafu ufanye unavyotaka.

Jambo lenyewe ni hili: mimi sikujua kwamba Baba ni mgonjwa. Sikujua kwamba amekufa. Nilijua alipokuwa ameshazikwa. Anayejua kwa nini ni Injinia Elija.

Nakuona ukiiweka barua chini. Iokote tena, Mama. Najua Injinia ni mtoto wa rafiki yako wa kwaya, najua wewe ndiye uliyekwenda kwao kuniombea kazi, na najua alituma mchango mzuri wa mazishi na shada la maua. Hayo yote ni kweli. Na hili ninalokuambia pia ni kweli.

Unakumbuka nilikueleza kwamba tunafunga mitambo kwenye kituo cha maji kando ya ziwa. Siku hizi mota ya pampu haiwashwi kwa swichi peke yake. Ukutani kuna kisanduku ambacho mafundi tunakiita draivu. Draivu ndiyo inayoiambia mota ianze polepole, iende kasi gani, isimame lini. Kituo kina pampu kadhaa, kila moja na draivu yake, na kazi yangu ilikuwa kuziunganisha draivu zote kwa waya mmoja wa mawasiliano hadi kwenye kompyuta ya chumba cha juu, ili mtu aliyekaa kule aweze kuziamuru zote bila kushuka. Kila draivu unaipa anwani yake. Unazipangia zote zizungumze kwa mwendo mmoja. Na unaiambia kila moja: ukikaa kitambo bila kusikia amri, zima mota, kwa sababu mota inayozunguka bila kusikilizana na mtu inaweza kupasua bomba.

Kazi hiyo nilifundishwa na Injinia mwenyewe. Simnyimi haki yake. Alinifundisha vizuri, na mwanzoni alinitambulisha kwa watu kama mdogo wake. Lakini aliamini kwamba mtu akiogopa ndipo anafanya kazi. Nilimwona akimkatalia fundi bomba ruhusa ya kwenda hospitali kwa mtoto wake, akamwambia, "Wewe ni daktari? Utamfanyia nini huko?" Nami nikanyamaza, nikidhani mimi ni wa nyumbani, hayo hayanihusu.

Siku ya ufunguzi ilipokaribia tulihamia kulala kituoni. Wakati huo ndipo simu yangu ilipodondoka ndani ya kisima cha kuvutia maji. Nilikuwa nimeinama kuangalia kipimo, ikateleza kutoka mfuko wa shati, nikasikia tu chubwi. Nilimwendea Injinia nikamwambia nataka kwenda mjini kutafuta nyingine. Akasema, "Tumia yangu. Nyumbani si wana namba yangu? Wakikutafuta nitakuita. Malizia kazi kwanza." Nikaona ni wema. Kila nilipomuuliza kama kuna neno kutoka nyumbani alinijibu, "Wazee wako wazima, wanakusalimu." Mama, alinijibu hivyo hata baada ya Baba kuwa mochari.

Na kazi ilikuwa imenishinda. Pampu moja ikiwaka peke yake, kila kitu kilikuwa sawa. Ukiwasha mbili, sawa. Ukiziwasha zote na kuzipandisha kasi, mawasiliano yanakatika ghafla, na draivu zote zinazima pamoja, kituo kinanyamaza kimya. Nilibadilisha anwani. Nilipunguza mwendo wa mazungumzo. Nilifungua kila kichwa cha waya nikakifunga upya. Injinia alisimama nyuma yangu akisema mbele ya vibarua, "Huyu mlimwona ana diploma? Diploma ya kupika chapati." Vibarua wakacheka kwa sababu yeye alikuwa anacheka.

Kuna mama mmoja kituoni, mwendesha pampu wa siku nyingi, watu wanamwita Nyar Seme kwa sababu alizaliwa Seme. Siku moja alikuja nilipokuwa nimejikunja chini ya paneli ya umeme, akaniwekea sahani ya ugali na samaki, akanishika bega. "Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana sana."

Nilidhani ananipa pole ya kazi. Nikamjibu, "Asante, Mama. Tumezoea."

Akaniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, akaondoka. Baadaye aliniambia alijisemea moyoni, hawa watu wa pwani wana roho ya namna gani, mtu amefiwa na baba yake na anasema amezoea.

Hatimaye nililiona kosa. Waya wa mawasiliano ulikuwa umelazwa kwenye treyi, ile njia ya bati ya kupitishia nyaya, pamoja na kebo nene zinazopeleka umeme kwenye mota. Draivu zikikaza kasi zinatoa kelele ya umeme. Sikio halisikii kelele hiyo, lakini inaingia kwenye waya mwembamba na kuyaharibu maneno yote yanayopita humo. Ni kama watu wawili wanaojaribu kunong'onezana kando ya mashine ya kusaga. Nikautoa waya kwenye treyi, nikaupitisha juu ya ukuta wa pili mbali na kebo zile, nikauning'iniza kwa kamba za plastiki. Ulionekana vibaya, kama kamba ya kuanikia nguo. Nikaziwasha pampu zote. Nikazipandisha kasi hadi mwisho. Zikakaa. Nikaketi chini kuzisikiliza zikinguruma, na sikuona aibu kulia.

Ilikuwa alasiri. Injinia alikuwa ametoka. Mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni Baba, kwa sababu unakumbuka alivyokuwa akiniuliza, "Hiyo mitambo yako inaongeaje na haina mdomo?" Nilitaka kumwambia leo zimeongea. Nikamwomba Nyar Seme simu yake. Akanipa haraka, akasema, "Piga tu, mwanangu, ongea nao."

Akapokea Kaka Nyambu.

Nikasema, "Kaka! Ni mimi, Mwakio. Zimewaka zote! Habari za huko? Nipe Baba niongee naye."

Hakujibu. Nilidhani mtandao ni mbaya. Nikasema tena kwa sauti kubwa, nikicheka, Mama, nikicheka kabisa, "Kaka, unanisikia? Nipe Baba!"

Akasema, "Unamtaka Baba? Njoo na jembe ukamfukue."

Nikasema, "Unasema nini?"

"Tumemzika jana, Mwakio. Jana ulikuwa na kazi. Leo kazi imeisha ndiyo umemkumbuka? Umepiga kutucheka? Sikiliza nikuambie. Ukikanyaga hapa utanikuta na panga mlangoni."

Akakata. Nikapiga tena, hakupokea. Nikasimama pale na simu ya watu mkononi, pampu zinanguruma, na Nyar Seme ananitazama.

"Mama," nikamwambia, "wanasema Baba amekufa."

"Yawa!" Akaweka mkono kichwani. "Kwani wewe hukujua?"

"Ningejua vipi?"

"Si Injinia alipigiwa? Mimi nilikuwa hapo hapo nafagia. Alisema, nitamwambia. Halafu akapiga tena kesho yake akasema, Mwakio anasema haji, kazi imemshika, nyinyi zikeni tu. Nilisikia na hii masikio yangu. Nikafikiri wewe ndiye umesema." Akaanza kulia. "Na hata kabla, baba yako mwenyewe alikuwa anapiga. Injinia anaweka sauti kubwa kwa gari, mimi nimepanda nyuma. Mzee anaongea pole pole, anasema, nipe kijana wangu. Injinia anamwambia, ako juu ya kazi, atakupigia. Nyasaye, Mungu wangu! Kila mara anamwambia atakupigia."

Hapo ndipo nilipojua, Mama, kwamba Baba alilala akinisubiri nipige.

Injinia nilimkuta kwenye kibanda nje ya geti, anakula samaki wa ngege. Nilisimama mbele yake nikasema, "Injinia, Baba amekufa."

Hakuniuliza lini. Hakusema pole. Alitoa mwiba mdomoni akauweka kando ya sahani, akasema, "Nani amekuambia?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Kaa chini ule. Kaa, watu wanatuangalia."

"Ulijua, ukaniambia wazee wananisalimu."

Akanawa vidole taratibu kwenye bakuli. "Mwakio, fikiria kama mtu mzima. Ungeenda, ungemfufua? Marehemu hakuwa na haraka. Mimi nilikuwa na ufunguzi uliokwisha kutangazwa na draivu zinazozima. Ungeondoka wewe, nani angenimalizia? Na leo si umemaliza? Ningekuambia, ungemaliza?"

"Na alipokuwa hai? Alipokuwa anapiga anataka kuongea na mimi?"

"Wagonjwa wanataka mambo mengi."

"Alisema nini?"

"Aa, sikumbuki. Nilikuwa naendesha gari."

"Injinia, nakuomba. Alisema nini?"

"Nimekuambia sikumbuki." Akarudi kwenye samaki wake. "Nimewatumia mchango, na shada nimeweka jina la kampuni. Familia yenu haikuaibika. Siku moja utanishukuru."

Nilikunja ngumi, Mama. Lakini nilimtazama anavyotafuna, nikaona kwamba hata nikimpiga ataona nimempiga kwa ujinga tu. Hakuwa na habari kwamba amefanya kitu. Nikageuka, nikachukua begi langu na kompyuta yangu, nikarudi Migosi.

Asubuhi yake, siku yenyewe ya ufunguzi, nilipanda basi nije nyumbani. Nilikuwa nimeamua kuja, panga au si panga. Basi liliposimama Awasi kuchukua abiria, pikapu ya kazini ikaja na kulizibia njia kwa mbele. Dereva wa Injinia akapanda hadi kwenye kiti changu huku anahema.

"Omera, ndugu yangu, shuka. Mambo imeharibika. Pampu zinazima zote, na wageni wameshafika, wako kwa tenti."

Nilimuuliza nani amegusa nini. Akasema Injinia aliona ule waya ukutani haupendezi mbele ya wageni, akaamuru vibarua waurudishe kwenye treyi.

Mama, nilicheka. Abiria waliniangalia kama kichaa. Draivu zilikuwa zimezima na kujifunga, na mpangilio wote wa kuzifungua ulikuwa ndani ya kompyuta yangu, na kompyuta ilikuwa hapo kwenye mapaja yangu. Ningeweza kubaki kwenye kiti. Ningefika Voi, ningefika kaburini, na yeye angebaki na aibu yake mbele ya wakubwa. Lakini nilifikiri, nikija hivi hivi, nani ataniamini? Nitasimama uani nikisema sikuambiwa, na Kaka atasema mwongo. Maneno yale yanafaa yatoke kinywani mwa aliyeyaficha. Nikamwambia dereva, "Mpigie. Mwambie nitarudi, lakini kabla sijagusa waya, yeye atapiga simu nyumbani na kusema ukweli, na mimi nikisikia."

Dereva akapiga. Injinia akasema, "Mlete."

Nilimkuta nyuma ya paneli, suti imemlowa jasho. Nje muziki unapigwa. Sikumsalimu. Nikasema, "Piga. Weka sauti kubwa."

Akapiga, akapokea Kaka. Nayaandika maneno kama yalivyosemwa, kwa sababu najua uliyoambiwa wewe ni mengine.

Injinia akasema, "Nyambu, ni Elija. Kuna jambo nataka ulijue. Mwakio hakujua habari za msiba. Mlinipigia, mimi sikumwambia. Mimi ndiye niliyesema haji. Yeye hakusema."

Nilisikia jogoo huko kwetu. Moyo wangu ulifunguka, nikasema sasa, sasa ataniita jina langu.

Kaka akasema, "Injinia, Mungu akubariki. Una moyo ambao ndugu yangu hana. Lakini usijitwishe dhambi ya mtu mwingine."

"Hapana, Nyambu, nasema kweli."

"Najua kwa nini unasema. Unataka tupatane. Mama amekuwa akisema kila siku, Injinia ni mtu wa Mungu. Sasa nimeamini."

Nikashindwa kujizuia. Nikaipaza sauti, "Kaka, anasema kweli! Haniokoi, anasema kweli!"

"Kumbe uko hapo hapo," Kaka akasema. "Umemsimamia. Umemtishia nini mwenzako, Mwakio? Umemtishia kazi yake?"

Na kweli nilikuwa nimemtishia.

"Injinia," Kaka akasema, "usimwogope. Na ujue kwamba siku ya kuweka msalaba kaburini Mama anataka wewe usimame upande wa watoto. Mahali pa Mwakio." Akakata.

Injinia akaitia simu mfukoni. Sikuona furaha usoni mwake, wala aibu. Akaniambia, "Nimesema. Umesikia kwa masikio yako. Sasa fungua kompyuta."

Nikaifungua. Utaniuliza kwa nini. Nilikuwa nimetoa neno langu, na Nyar Seme alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake, na mimi sikuwa na kitu kingine mikononi cha kufanya. Tukautoa waya kwenye treyi, tukaurudisha ukutani. Nikazipitia draivu moja baada ya nyingine, nikazifuta makosa, nikahakikisha kila moja inaitika jina lake. Nikazipandisha kasi. Zikakaa.

Nje maji yakatoka kwenye bomba kubwa, watu wakapiga vigelegele. Nilidhani yameisha. Injinia akashika kipaza sauti, akaniita nisimame pembeni yake, akaniwekea mkono begani. Akasema, "Kijana huyu mnayemwona alifiwa na baba yake mzazi. Nilimwambia aende akazike. Akakataa! Akasema, Injinia, watu hawa wanahitaji maji. Mpigieni makofi."

Wakanipigia, Mama. Bibi mmoja mzee akaja akanishika mikono miwili, akanibariki kwa lugha yao, akanitemea mate kifuani kwa baraka. Mimi nimesimama na kompyuta kifuani kama mtoto mwenye kibao cha kuandikia. Ningesema nini? Ningeanzia wapi, mbele ya watu wale wanaofurahi? Nyar Seme peke yake hakupiga makofi. Alijifunika uso kwa leso akarudi ndani.

Naambiwa kuna waliopiga video. Huenda imeshafika huko kwenu, na huenda Kaka amekuonyesha, akasema, haya, sikia mwenyewe, alikataa kuja. Kama unayo, Mama, itazame tena bila sauti. Usimtazame Injinia. Nitazame mimi. Wewe ulinizaa, unajua uso wangu nikiwa nimedanganya na uso wangu nikiwa nimesingiziwa.

Sikurudi tena kwake. Alinitumia dereva akisema nirudi, kuna kazi nyingine ya kiwanda, nikakataa, na tangu hapo anawaambia wenye mitambo wa hapa kwamba mimi ni mtu wa kususia kazi. Hakuna anayenipa kazi za draivu. Niko kwa fundi mmoja mtaa wa Mamboleo, tunasuka upya nyaya za mota zilizoungua za mashine za posho. Ni mzee mkali lakini mkweli. Ninakaa chumba kile kile. Jirani zangu wananiona nikitoka na kuingia, wanadhani mimi ni mpole.

Kaburi la Baba sijaliona. Siogopi panga la Kaka. Ninachoogopa ni kufika na wewe usitoke nje.

Sikuombi unisamehe, kwa sababu kosa nililofanya ni kumwamini mtu uliyeniambia nimwamini, na hilo sijui linaombewaje msamaha. Hata siku ya msalaba, kama umeshamwita Injinia, mwache aje. Asimame mahali pangu. Sitafika kuwaharibia ibada. Ninakuomba kitu kimoja tu.

Baba alipokuwa anapiga, wewe ulikuwa kitandani pake. Lazima ulikuwa, maana asingeweza kushika simu peke yake. Aliyeyasikia maneno yake upande huu anasema hakumbuki, na nimemsihi, nikamtumia hata Nyar Seme akamsihi kwa ajili yangu, anasema hakumbuki. Umebaki wewe. Alikuwa anataka kuniambia nini? Kama alikuwa amekasirika, niandikie amekasirika. Kama alinilaani, niandikie laana yenyewe, neno kwa neno. Kama alitaka kuniuliza tu kama nimekula, niandikie hivyo. Mpe Shangazi Mghoi jibu, yeye anajua basi la kulipakia. Na kama huwezi kuandika, mwambie Shangazi kwa mdomo, naye ataniambia.

Nisalimie Mkamburi, umwambie asiache shule kwa sababu ya huzuni. Nisalimie Mjomba aliyechonga jeneza; nimesikia alilichonga mwenyewe na nimefurahi kwamba Baba hakulala kwenye mbao za mtu asiyemjua. Msalimie Mchungaji aliyemfumba Baba macho. Mama yake Injinia pia umsalimie, yeye hana kosa, na usimwonyeshe barua hii. Kaka Nyambu umwambie nimemsalimia. Akikataa salamu, usigombane naye kwa ajili yangu. Alibeba msiba peke yake akidhani ana ndugu aliyekataa kuja, na hilo lingemkasirisha mtu yeyote.

Funika miguu unapolala, Mama.

Mimi mwanao, ambaye hakuambiwa,

Mwakio